Nguo ya Kujaribu

Kwaya ya akina mama ilishonesha sare kumi na nane kwa fundi mmoja. Kumi na saba zilikuja Handeni siku moja, zimekunjwa vizuri kwenye mfuko, na kila mama akaivaa ya kwake ikamkaa. Ya kumi na nane ilibaki Korogwe. Hiyo ilikuwa ya Mama Angel, na ilikuwa bado inajaribiwa.

Si kwamba Mama Angel alikuwa na mwili wa ajabu. Ulikuwa mwili wa mama yeyote wa Chanika aliyevuka arobaini, anayepika uji na maandazi sokoni toka alfajiri na kula mwenyewe yale yaliyoungua ili asimuuzie mtu. Fundi aliwapima wote kwa futi lilelile, siku ileile, mmoja baada ya mwingine. Sasa kwa nini kumi na saba zikubali na moja igome, hilo watu walikuwa hawajauliza kwa sauti. Walikuwa wameanza kutazamana tu.

Walikwenda mpaka Korogwe kwa sababu mafundi wa Handeni wakati ule walikuwa wamefunikwa na sare za shule. Mwenyekiti wa kwaya, Mama Erasto, akasikia habari za fundi mmoja wa Manundu, jirani na soko, anaitwa Valentino: mpole, hachelewi, wala hali kitambaa cha mtu. Wakakodi kosta, wakaimba njia nzima. Wakamkuta mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, futi limening'inia shingoni kama skafu ya kasisi. Mkewe yuko Kwashemshi, analima, hushuka mjini mara moja moja. Hayo aliyasema Valentino mwenyewe, hakuficha, na Mama Angel aliyasikia. Hakuwa kiziwi.

Sare zilipokwisha, Mama Erasto akaenda kuzichukua, akarudi na kumi na saba na ujumbe. "Mama Angel, ya kwako fundi ana wasiwasi na kiuno. Anasema uende ukajaribu."

Akaenda. Alichagua Alhamisi kwa kuwa siku hiyo biashara ya uji hulala. Akaivaa sare nyuma ya pazia, akatoka, akajitazama kwenye kioo. Ilimkaa kama ganda la ndizi linavyoikaa ndizi.

"Unaonaje, Mama Angel?" fundi akauliza.

Mama Angel akavuta pumzi, akaizuia, tumbo likajaa. "Kiuno kinabana kidogo."

"Hata mimi nimeona," akasema fundi.

Basi wawili hao wakapatana juu ya kitu ambacho hakikuwepo.

Alhamisi ya pili alivaa shumizi mbili chini ya gauni. Alijiambia ni kwa ajili ya baridi. Baridi ya Korogwe, mwezi wa pili! Fundi akapima kiuno, kweli kikawa kimeongezeka, akatikisa kichwa kama daktari. Siku hiyo alimwita dada Shida. Alhamisi ya tatu, alipokuwa akiupima mkono ambao ulikwishapimwa, akamwita Shida, basi, bila kitu mbele.

Shida ndilo jina lake. Lakini tangu Mathias mumewe afariki, miaka saba sasa, lilikuwa limebaki kwenye kadi ya kupigia kura. Sokoni ni Mama Angel, kanisani ni Mama Angel, na huyo Angel mwenyewe ameolewa Tanga, akipiga simu husema "mama" tu. Kulisikia tena likitamkwa na mwanaume, taratibu, kulimfanya ajisikie kama mtu aliyefungua sanduku akakuta nguo yake ya usichana na ikamtosha.

"Wenzangu wanaomba shida ziondoke," alisema Valentino, pini zikiwa mdomoni. "Mimi naomba Shida aje."

Shida alicheka. Alicheka mpaka kosta ilipofika daraja la Mto Pangani. Walipokwisha kuvuka, kicheko kikamwisha, akaishika Biblia ndani ya mkoba bila kuitoa.

Na tuseme haki. Hakuna lililokuwa limetendeka. Hata mkono hakushikwa, ila kwa kupimwa. Kama mzee wa kanisa angekaa kwenye kona ya duka lile na daftari, angetoka na karatasi nyeupe. Ila Shida alikuwa anajijua. Alikuwa anajua kwamba siku hizi wiki yake ina siku moja tu, hizo nyingine sita ni njia ya kuiendea.

Jirani yake alikuwa Bi Tatu, Mzigua, bibi wa miaka sabini na ushee, Mwislamu wa sala tano na mgongo mbovu. Nyumba zao zilitenganishwa na kamba ya kuanikia nguo. Babu yake Shida alikuwa Mnyamwezi, alikuja zamani kukata mkonge Korogwe, akazaa huko, akazikwa huko. Na Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Mtani anakwambia usoni lile ambalo ndugu yako atakwenda kulisemea pembeni, na kukasirika huruhusiwi.

"Shikamoo bibi," Shida alisalimia asubuhi moja ya Alhamisi, amejipaka mafuta mpaka visigino.

"Marahaba, Mnyamwezi. Leo tena kujaribu?"

"Kiuno bado, bibi."

"Kiuno! Wenzio kumi na saba wamepata viuno, wewe peke yako unatafutiwa?"

"Bibi, nenda kasonge bada lako."

"Nitasonga, muhogo ninao. Lakini babu yako alikuja kwa miguu toka Tabora akitafuta mkonge, tukamwelewa. Wewe unapanda kosta kila wiki unatafuta nini?"

Shida akacheka na kuondoka, na kicheko kile kilimwasha njia nzima kama upupu.

Jumamosi kwaya ilifanya mazoezi. Ilikuwa imebaki wiki moja Askofu aje kutoa kipaimara, na wimbo wa kumpokea ulikuwa unaanzishwa na Shida peke yake, ubeti mzima, wengine wamenyamaza. Mwalimu wao, Obadia, mtu mkali wa sauti na mlegevu wa mengine yote, aliusikiliza akafumba macho.

"Mama Angel, ukiimba hivyo Jumapili, Askofu atasahau hotuba. Ila sare, mama. Kumi na saba na moja ya rangi nyingine, itaonekana kama jino la dhahabu. Bila sare nitampa Mama Erasto aanzishe."

"Itapatikana, mwalimu."

"Basi tufunge kwa sala."

Wakainamisha vichwa. Shida akaanza Baba Yetu, sala aliyoijua kabla ya kujua kuandika jina lake, na wenzake wakimfuata kwa sauti ya chini. Mdomo ulikuwa unakwenda wenyewe. Yeye alikuwa anawaza mambo ya mikono ya gauni. Ikafika pale. "Usitutie majaribuni," akasema, na neno lile, ambalo alilipita maisha yake yote kama mtu anavyopita mti wa njiani, siku ile likamkwaa mguuni. Majaribuni. Kujaribu. Njoo ujaribu. Akababaika, akataka kuwahi mbele, na ulimi ukamponyoka mbele ya akina mama wote:

"Lakini utuokoe na yule fundi."

Hakuna aliyeitikia. Kuku alisikika akiparua nje ya dirisha. Kisha Mama Erasto akakohoa, kikohozi kirefu kisicho na makohozi, na mmoja wa nyuma akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtetemeka. Mwalimu Obadia peke yake alisema "Amina," kwa kuwa alikuwa amesinzia kidogo.

Habari haina miguu lakini hufika. Shida alipofika kwake, Bi Tatu alikuwa keshakaa kwenye mkeka wake, mikono mapajani, uso umetulia kama mtu aliyepewa zawadi.

"Mtani, nimesikia leo mmeomba vizuri sana."

"Bibi, nakuomba."

"Mimi si wa dini yenu, siyajui. Nimeuliza tu kama hiyo sala inawafaa na waashi, au ni mafundi cherehani peke yao?"

Shida akaingia ndani akafunga mlango, akakaa kitandani. Alitaka kulia, akajikuta anacheka, na baada ya kucheka ndipo machozi yalipokuja. Aliona haya, lakini alimshukuru Mungu pia, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa umesema kweli ambayo moyo uliificha wiki tatu. Akapiga magoti. Akaomba akinyoosha mambo, safari hii bila kuzungukazunguka: Bwana, mimi sitakwenda tena. Nguo ibaki.

Na alimaanisha. Jumapili alimaanisha, Jumatatu alimaanisha, Jumanne pia. Jumatano saa nne simu ikalia.

"Shida, gauni limekwisha," sauti ya Valentino ikasema. "Nataka ulijaribu mara moja ya mwisho, nisikuharibie mbele ya Askofu. Njoo kesho saa nane. Saa hizo nafunga kidogo, jua kali, wateja hawapo. Utajaribu kwa nafasi."

Hapo ndipo ungemwona mwanadamu anavyojua kujitetea mbele ya hakimu ambaye ni yeye mwenyewe. Kosta za Korogwe zina makonda, na konda angeleta mfuko kwa nauli ndogo; hilo Shida alilijua, akaliweka pembeni kwa kuwa makonda husahau. Mama Erasto alikuwa na safari ya Korogwe Ijumaa. Lakini kumwambia Mama Erasto baada ya mambo ya Jumamosi ni kujitakia. Tena kukimbia ni woga. Mkristo aliyesimama imara haogopi cherehani. Atakwenda, atachukua nguo yake, atamtazama mtu yule machoni, atarudi, na hapo ataujua ushindi. Alijihubiria mahubiri hayo mpaka jioni, na yalikuwa mazuri. Shida yake ni kwamba alikuwa anayahubiri huku anachagua hereni.

Alhamisi asubuhi Bi Tatu alikuwa amekwishavaa baibui lake la safari.

"Mtani, leo twende wote. Nina mpwa wangu Husna pale Korogwe, sijamwona tangu ajifungue."

"Aa, bibi, na mgongo huo? Utaumia barabarani bure."

"Mgongo ni wangu."

"Jua lenyewe kali. Mwambie Husna aje."

"Mzazi aje kwangu, na kichanga mgongoni?"

"Bibi, safari nyingine," Shida akasema, haraka kidogo, kwa sauti iliyokuwa kali kuliko alivyotaka. "Safari nyingine nitakupeleka mwenyewe."

Bi Tatu akamtazama. Hakutania. Hiyo ndiyo iliyomuuma Shida kuliko utani wote wa wiki tatu: bibi alikaa chini polepole, akavua mtandio, akasema tu, "Haya, mwanangu. Nenda salama."

Kwenye kosta alikaa dirishani, akaona mashamba ya mkonge yakipita, mistari kwa mistari, na akashindwa kulijibu swali moja dogo. Kama anakwenda kushinda, kwa nini amemkataa shahidi?

Alipofika Manundu saa ilikuwa nane na dakika kumi. Valentino alikuwa amezima redio. Juu ya meza ya kukatia palikuwa na chupa ya chai, vikombe viwili, na chapati zimefunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Karibu, Shida. Umekula?"

"Nimekula," akasema, na tumbo likamsuta kwa sauti.

"Jaribu kwanza, halafu tutakula."

Akaingia nyuma ya pazia. Akavua gauni lake na kitenge akavitundika msumarini, akavua viatu, akaivaa sare. Ubavu mmoja ulikuwa umepigwa bandi tu, zile shona kubwa za muda, na pini mbili tatu. Akashangaa. Si alisema limekwisha? Akaupindua ubavu ule kuutazama kwa ndani, na hapo, kwenye mwanga uliopenya pazia, akaona matundu. Mstari wa matundu madogo ya sindano, na mwingine pembeni yake, na mwingine tena. Nguo ile ilikuwa imeshonwa ikaisha, ikafumuliwa. Ikashonwa, ikafumuliwa. Mara tatu. Kila Alhamisi baada ya yeye kuondoka, fundi aliimaliza. Na kila Jumatano akachukua wembe.

Shida alitaka kukasirika. Angekasirika vizuri sana, kama asingekuwa amevaa shumizi mbili hata siku ile.

Akasimama pale, kitambaa mkononi, akaona jambo lote kama lilivyo. Alikuwa amezoea kumsingizia Shetani. Lakini Shetani wiki zote hizo huenda alikuwa Mashewa au Mkumbara kwenye kazi ngumu. Hapa Manundu watu wawili wazima walikuwa wanamfanyia kibarua bure, mmoja anafumua, mwingine anajiongezea kiuno.

Nje ya pazia mlango wa bati ulikwaruza, ukashuka nusu. Duka likaingia kivuli.

"Jua tu," Valentino akasema, kwa upole. "Umemaliza?"

"Bado."

Akamsikia akimimina chai. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena, ndiyo maana ikawa hatari: "Shida, nikuulize. Tangu marehemu aondoke, nani mwingine anakuuliza kama umekula?"

Hakuna. Jibu lilikuwa hakuna. Watu walimwuliza habari za uji, habari za Angel, habari za kwaya. Swali lile lilimwingia mahali ambapo hakuna shumizi inayofika. Akajua, kama anavyojua mafuta yakishapata moto, kwamba akitoka pale na kunywa kikombe kimoja cha chai, basi. Imani yake haikuwa imekwisha. Lakini hata mwenye imani akikaa jikoni atanuka moshi. Na akamkumbuka mtu ambaye hajapata kumwona: mama mmoja wa Kwashemshi, yuko shambani saa hizi, ameinama, anajua ana mume mjini.

Hakuomba. Nafasi ya kuomba haikuwepo. Miguu ndiyo iliyokuwa sala.

"Kioo chako kina ufa," akasema kwa sauti kubwa, akitokeza. "Nakwenda kujitazama kwa jirani."

"Shida, subiri, una pini—"

Akapita chini ya mlango wa bati, ameinama, akatokea juani. Kioo cha jirani alikipita. Cha jirani wa pili pia. Alipofika kwenye meza za nyanya alikuwa anakwenda mbio za kweli, mama wa kwaya, peku, sare mpya ya kahawia yenye lesi nyeupe shingoni, na pini zikimchoma ubavuni kila hatua kama malaika mwenye haraka. Mkoba ulikuwa begani kwa kuwa mkono wake uliuokota wenyewe alipotoka. Gauni, kitenge na viatu vilibaki msumarini na sakafuni.

"Mama! Mama kwaya! Umefumuka ubavuni!" muuza nyanya akapiga kelele.

"Najua!" Shida akajibu bila kusimama.

Stendi ya Handeni alifika anahema. Na pale, juu ya benchi la abiria, palikuwa na bibi mmoja mwenye baibui, anamenya chungwa taratibu, ganda likishuka zima bila kukatika.

"Mtani," Bi Tatu akasema, bila kuinua macho. "Wamekufukuza nyuki?"

Shida akakaa karibu yake kama gunia lililotuliwa. Bi Tatu akamkatia nusu ya chungwa.

"Nimekimbia, bibi."

"Umemkimbia nani?"

"Nimejikimbia."

"Ee. Huyo ana mbio. Bora ulimwahi." Bibi akamchungulia ubavu. "Kwetu sisi, Nabii Yusufu alichaniwa kanzu kwa nyuma. Wewe mbona umechanikia ubavuni?"

"Kwetu aliacha nguo nzima mikononi mwa mwanamke, akaenda zake."

"Basi nyie mna haraka kuliko sisi. Na viatu aliacha?"

Shida akacheka, na kicheko kikageuka, akajiinamia. "Bibi, si kwamba sikutaka."

"Najua."

"Nilitaka."

"Ningejua hutaki, ningepanda gari na mgongo huu?" Bi Tatu akatema mbegu. "Husna hayupo hata Korogwe, yuko kwa mamake. Nipe hilo chungwa kama hulili. Duka ulikoacha nguo zako liko upande gani?"

Akaenda. Shida alibaki benchini, mkono ubavuni kushika bandi, watu wanamtazama na yeye anatazama ardhi. Bibi alirudi baada ya nusu saa, anakwenda kwa mwendo wake wa mgongo, gauni na kitenge vimekunjwa juu ya mkono, viatu vimefungwa kwenye mfuko.

"Amesema nini?"

"Amesema shikamoo."

"Basi?"

"Nikamwambia marahaba, mwanangu, mkeo wa Kwashemshi hajambo? Akasema hajambo. Nikamwambia msalimie sana, mwambie akishuka sisi wa Handeni tungependa kumwona. Akasema nitamwambia. Ana adabu, yule. Chai yake pia nzuri, nimekunywa vikombe viwili, na chapati nimekula zote."

"Bibi!"

"Zilikuwa zimepikwa kwa ajili ya mgeni. Mimi si mgeni?"

Ijumaa na Jumamosi Shida alishona ubavu ule kwa mkono, sindano na uzi, huku Bi Tatu ameshikilia kitambaa na kumwambia kwamba Wanyamwezi hushona kama wanaofunga mizigo. Haikuwa shona ya fundi. Ilikwenda kama njia ya ng'ombe. Lakini Jumapili alisimama na wenzake kumi na saba, mkono wa kushoto ameubana kidogo ubavuni, na alipoanzisha ule wimbo, Mama Erasto alisahau kumwonea kijicho. Hakuimba kama mshindi. Aliimba kama mtu aliyeponea chupuchupu, na wanaojua tofauti ya sauti hizo mbili waliisikia. Baada ya ibada alimfuata Mama Erasto nyuma ya kanisa, akamwambia yote, na shumizi pia. Mama Erasto naye akamwambia habari fulani ya miaka mingi nyuma, ya mwuza mbegu mmoja wa Mkumbara, ambayo hapa haituhusu.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini baada ya Jumapili huja Jumatatu, na Alhamisi hairuki kalenda kwa ajili ya mtu aliyeokoka.

Alhamisi iliyofuata, saa tano asubuhi, simu ya Shida iliingia ujumbe. Kitambaa kimebaki, kipande kizuri, kinatosha kilemba. Njoo uchukue. Hakuna jina, hakuna neno baya. Shida aliusoma, akaufuta, na baada ya kuufuta akagundua kwamba ameukariri. Akaosha masufuria yaliyokuwa safi. Akafagia. Akajikuta amesimama mlangoni, kitenge kizuri begani, anaitazama barabara ya stendi, na hakumbuki amekitoa saa ngapi kitenge kile.

Wiki moja nyuma angejihubiria. Siku hiyo alitoka mlangoni akapita chini ya kamba ya nguo, akasimama mbele ya mkeka wa Bi Tatu, aliyekuwa anapukuchua mahindi ya vuli.

"Bibi, miguu inanituma."

Bi Tatu hakuuliza wapi. Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja, akamsukumia ungo na rundo la magunzi yenye mahindi yake.

"Ikalishe."

Shida akakaa, akakunja miguu chini yake, akaanza. Mahindi yalikuwa makavu, yanauma vidole. Walipukuchua bila maneno, isipokuwa bibi alipomwambia kwamba hata kuku wake anapukuchua vizuri kuliko hivyo. Saa sita kamili honi ya kosta ya Korogwe ililia kule stendi, ndefu, mara mbili, ikiita abiria wa mwisho. Vidole vya Shida vikasimama. Bi Tatu akaendelea na kazi yake kama hajasikia. Honi ikalia tena, kwa mbali zaidi, kisha kukawa na sauti ya gari linalopanda barabara, ikapungua, ikaisha.

Shida akashusha pumzi, akachukua gunzi jingine.

"Bibi, lipo na la saa nane."

"Najua," Bi Tatu akasema, akainua kidevu kuelekea mlangoni mwake. "Na gunia la pili lipo ndani."